Mpira Uliozibwa kwa Bolti: Jinsi Gari la Turbo Linavyodhibiti Msukumo wa Hewa



Katika mikutano tunayofanya nanyi masokoni, kwenye vituo vya teksi na katika viwanja vya shule, maswali yanayoulizwa mara nyingi ni yale ya vibali, ushuru na mifugo inayovuka mpaka. Lakini siku hizi limezuka swali jingine, hasa kutoka kwa madereva vijana na wazazi wao: kwa nini askari wa usalama barabarani hulisimamisha gari lenye turbo linalotoa moshi mweusi au lililochezewa mipira yake, ingawa breki na taa zake ni nzima? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa ukamilifu, kwa kuwa mwananchi anayeelewa sababu ya sheria huitii kwa hiari.

Nianze na kisa nilichokishuhudia mwenyewe. Asubuhi moja alifika kituoni kijana dereva wa Subaru ya mtumba iliyotoka Japani. Hakuja kumshtaki mtu. Alikuwa ametoka kunusurika. Alikuwa akipanda kilima nyuma ya lori la mizigo, akaona njia ni nyeupe, akakanyaga mafuta hadi mwisho ili alipite. Gari liliruka mbele kwa nguvu. Lilipofika ubavuni mwa lori likashtuka ghafla kana kwamba limegonga ukuta. Nguvu ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Mbele likatokea basi. Dereva wa lori, kwa busara yake, alifunga breki na kumwachia nafasi ya kurudi upande wake. Ndani ya Subaru walikuwamo mama yake na wadogo zake wawili, wakitoka msibani.

“Afande,” aliniuliza, “gari hili nimelifanyia huduma juzi tu. Limenisaliti kwa nini?”

Nilimjibu, “Kijana wangu, mimi si fundi. Twende kwa mzee anayejua.”

Mzee alifungua boneti, na hakuchukua muda. Mpira mwembamba unaokwenda kwenye kikopo kilicho ubavuni mwa turbo ulikuwa umechomolewa, na ncha yake imezibwa kwa bolti na kukazwa kwa waya. Kijana akakiri kwamba rafiki yake alimweleza kuwa hiyo ndiyo njia ya kuliongezea gari nguvu bila gharama. “Basi halikukusaliti,” mzee akamwambia. “Lilikuwa likijikinga na ulichokifanya wewe.”

Maneno hayo ya mzee yanahitaji maelezo, nayo ndiyo haya yafuatayo.

Turbo hufanya kazi gani

Injini hupata nguvu kwa kuchoma mafuta, na mafuta hayachomeki bila hewa. Injini ya kawaida huvuta hewa kwa pistoni zake peke yake, kwa hiyo haiwezi kupata hewa zaidi ya ile inayoingia yenyewe katika silinda. Mhandisi wa Uswisi aitwaye Alfred Büchi alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kutumia moshi unaotoka kwenye injini, ambao vinginevyo hupotea bure, ili kusukuma hewa zaidi ndani.

Turbo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyounganishwa kwa mhimili mmoja. Moshi wa moto unaotoka kwenye silinda huligeuza gurudumu la kwanza, upande wa ekzosi. Gurudumu la pili, lililo upande wa pili wa mhimili, huzunguka pamoja nalo na kuishindilia hewa kuelekea kwenye injini. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Hewa inaposhindiliwa hupata joto, kwa hiyo magari mengi huipitisha kwanza kwenye kipoozeo ambacho mafundi hukiita intakula, kisha ndipo iingie kwenye injini.

Ziada hiyo ya hewa ndiyo tunayoiita hapa msukumo. Tairi la gari dogo hujazwa paundi 30 hivi. Katika magari mengi ya petroli yaliyotoka kiwandani na turbo, msukumo huwa kati ya paundi 7 na 15 juu ya hewa ya kawaida. Kwa macho ni kiasi kidogo, lakini kwa injini ni tofauti kubwa, kwa kuwa paundi 14.5 za msukumo ni karibu sawa na kuiongezea injini hewa yote ya kawaida mara ya pili.

Kwa nini msukumo uwekewe kikomo

Hewa ikiongezeka, mafuta huongezwa. Mafuta yakiongezeka, moshi huwa mwingi zaidi. Moshi ukiwa mwingi, turbo huzunguka kwa kasi zaidi, na hewa huongezeka tena. Duara hilo halina mwisho wake lenyewe. Kama hakuna kitu cha kulizuia, msukumo utaendelea kupanda hadi kitu kivunjike: gasketi ya kichwa cha injini, pistoni, au turbo yenyewe.

Katika injini ya petroli kuna adui mwingine. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukishindiliwa kupita kiasi na kupata joto kali, sehemu yake hulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Dereva husikia injini ikigonga, kama kokoto ndani ya kopo, ingawa mara nyingine kelele ya barabara huificha sauti hiyo. Kila mgongo mmoja ni kama nyundo juu ya pistoni.

Waundaji wa magari walilijua jambo hili tangu mwanzo. Mwaka 1962, huko Marekani, gari la Oldsmobile Jetfire liliuzwa likiwa na turbo pamoja na tangi dogo la maji yaliyochanganywa na alkoholi, ambayo yalinyunyizwa kwenye hewa ili kuzuia kugonga. Tangi likikauka, kifaa maalumu kilipunguza msukumo ili injini isiharibike. Wenye magari wengi walisahau kulijaza, kisha wakalalamika kwamba gari halina nguvu. Kumbe gari lilikuwa likiwahifadhia injini yao.

Lango, kiwambo na springi

Njia ya msingi ya kuudhibiti msukumo ni lango dogo lililo upande wa ekzosi, ambalo mafundi huliita westigeti. Lango likiwa limefungwa, moshi wote hupita kwenye gurudumu la turbo. Likifunguka, sehemu ya moshi hupita pembeni na kwenda moja kwa moja kwenye bomba, na turbo haiongezi kasi tena.

Lango hilo hufunguliwa na kikopo cha chuma. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira, na nyuma ya kiwambo kuna springi. Kutoka kwenye kiwambo hutoka fimbo inayolishika lango. Mpira mwembamba huleta kwenye kikopo hicho hewa iliyoshindiliwa na turbo. Msukumo ukiwa mdogo, springi hushinda na lango hubaki limefungwa. Msukumo ukifikia nguvu ya springi, kiwambo husukumwa, fimbo husogea na lango hufunguka. Kwa namna hii turbo hujizuia kwa msukumo wake yenyewe.

Sasa msomaji ataona kosa la kijana wetu. Alipouziba ule mpira, kikopo hakikupata tena habari yoyote ya msukumo. Springi ililifunga lango moja kwa moja, na duara lile lisilo na mwisho likaachiwa huru. Nguvu aliyoifurahia katika siku za kwanza ilitokana na kuondolewa kwa kinga.

Kompyuta na vali yake

Springi peke yake ina upungufu mmoja: kikomo chake ni kimoja tu, iwe injini ni baridi au ni moto, iwe petroli ni nzuri au ni mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Saab ya Uswidi ilileta mfumo ulioitwa APC, uliosikiliza injini kwa sensa na kupunguza msukumo mara ilipoanza kugonga. Leo magari mengi ya petroli yenye turbo hutumia wazo hilo kwa njia iliyoboreshwa zaidi.

Mpango wake ni huu. Springi huchaguliwa iwe laini. Tuseme inaruhusu paundi 7 tu. Kompyuta ya injini inapotaka paundi 12, haiwezi kuikaza springi. Badala yake huidanganya. Kwenye ule mpira wa kikopo kuna njia ya pembeni yenye vali ndogo ya umeme iitwayo solenoidi. Vali hufunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde, na kila inapofunguka, hewa kidogo ya mpira huo huvuja na kurudishwa upande wa kuvutia hewa. Kwa hiyo turbo inaweza kuwa inatoa paundi 12 wakati kikopo kinahisi paundi 7 tu. Kompyuta ikitaka msukumo upande, huiacha vali wazi kwa muda mrefu zaidi. Ikitaka ushuke, huifunga.

Ili mpango huo ufanye kazi, katika Subaru nyingi za turbo kuna kizuizi kidogo ndani ya mpira: kipande chenye tundu la milimita moja hivi, kinachopunguza hewa inayoingia ili vali iweze kuipunguza zaidi. Fundi asiyejua huubadilisha mpira na kukitupa kipande hicho pamoja na mpira wa zamani. Kikikosekana, vali haifui dafu na gari huwa zito. Kikizibwa na uchafu, kikopo hupata hewa kidogo mno na msukumo hupanda kupita kiasi. Kitu kidogo kuliko punje ya mchele kinaweza kuamua uhai wa injini.

Uamuzi wa kompyuta hutegemea sensa kadhaa: ya msukumo, ya joto la hewa, ya joto la maji ya injini, na ile ya kusikiliza mgongo, ambayo hufungwa kwa bolti kwenye injini yenyewe. Injini ikigonga, kompyuta huchelewesha moto wa plagi na kupunguza msukumo. Waundaji waliweka pia tahadhari nyingine ya busara: waya wa solenoidi ukikatika, vali hubaki imefungwa, hewa yote huenda kwenye kikopo, na gari hubaki na msukumo mdogo wa springi. Yaani mfumo ukiharibika kwa upande wa umeme, huharibika kwa kuelekea usalama.

Kinga ya mwisho

Ikiwa pamoja na hayo yote msukumo unapita kikomo, kompyuta haina tena uwezo juu ya lango. Hapo hutumia silaha yake ya mwisho: hukata mafuta. Injini hunyamaza kwa nukta chache, msukumo hushuka, mafuta hurudishwa. Dereva akiendelea kukanyaga, msukumo hupanda tena na mafuta hukatwa tena. Huko ndiko kushtuka alikokuona kijana yule ubavuni mwa lori.

Kinga hiyo huiokoa injini, lakini haijui kama mbele kuna basi. Ndiyo sababu sisi askari hatulihesabu jambo hili kuwa ni la fundi na mwenye gari peke yao. Gari linaloweza kupoteza nguvu ghafla wakati wa kulipita jingine ni hatari kwa kila anayetumia barabara hiyo, hata yule mama anayetembea pembeni na kikapu cha ndizi.

Magari ya dizeli

Katika dizeli hakuna plagi za kuwashia moto, wala kugonga kwa namna ile ya petroli, lakini shinikizo na joto vina kikomo vilevile. Magari mengi ya dizeli ya zama hizi, badala ya lango, yana mapanga madogo yanayozunguka gurudumu la ekzosi na kubadilisha mwelekeo wa moshi. Yakijibana, moshi hupita kwa kasi na turbo huamka mapema. Yakipanuka, msukumo hupungua. Mapanga hayo huendeshwa na kikopo cha uvutaji hewa au na mota ya umeme. Masizi yakijaa, hunata, na gari huwa na nguvu kupita kiasi au hukosa nguvu kabisa.

Moshi mweusi wa dizeli una maana moja kubwa: mafuta ni mengi kuliko hewa. Huenda mpira wa intakula umepasuka na hewa inavuja, au pampu imefunguliwa ili imwage mafuta zaidi. Katika hali zote mbili joto la moshi hupanda, na oili ikivuja juu ya ekzosi yenye joto hilo inaweza kuwaka moto. Askari anapolisimamisha lori kwa sababu ya moshi mweusi, hilo pia huwa akilini mwake.

Milima yetu

Wasomaji wetu wa Malaba na Busia wanaishi kwenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Wale wa Kabale, Katuna na Kisoro wako juu zaidi, na Kabale yenyewe iko karibu mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya tano kuliko pwani. Gari lisilo na turbo hulihisi hilo mara moja. Lenye turbo hujitahidi kuifidia hewa iliyopungua kwa kuzunguka kasi zaidi.

Kompyuta ya kiwandani hupima hewa ya nje, na magari mengi hushusha kiwango cha msukumo mlimani ili turbo isizunguke kupita uwezo wake. Gari lililozibwa mpira halina habari hiyo. Dereva aliyelizoea katika tambarare za Tororo akilipeleka kwenye miinuko ya Kisoro, likiwa limejaa abiria na magunia ya viazi, anaitaka turbo ifanye kazi ambayo hakuna mhandisi aliyeiruhusu.

Petroli ya magendo

Jambo hili linatuhusu sisi wa mpakani kuliko watu wengine. Petroli hupimwa kwa oktani, yaani uwezo wake wa kustahimili shinikizo bila kulipuka mapema. Injini nyingi za petroli zenye turbo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilikusudiwa kutumia petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya nchi hiyo haipungui oktani 96. Petroli inayouzwa kwa jerikeni kando ya njia za panya haina wa kuidhamini. Ikichanganywa na mafuta ya taa, kama wafanyavyo walanguzi, oktani yake huporomoka.

Gari zima la kiwandani litasikia mgongo, litapunguza msukumo na litakuwa zito. Dereva atalalamika, lakini injini itaishi. Gari lililoondolewa kinga litagonga hadi pistoni itoboke. Nimeona familia iliyouza ng'ombe kununua gari la biashara, ikalipoteza kwa sababu ya bolti moja na petroli iliyokuwa na nafuu ya shilingi chache. Hasara hiyo haina bima.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, ukinunua gari la turbo la mtumba, hapa au ng'ambo ya mpaka, pamoja na kuhakiki hati zake, mwombe fundi unayemwamini akague mipira yote myembamba ya turbo. Mpira uliozibwa, uliokatwa au uliowekewa kifaa kisicho cha kiwandani ni dalili ya injini iliyoteswa.

Pili, gari likishtuka na kukata nguvu unapokanyaga mafuta, achilia mafuta taratibu, usiendelee kulipita gari jingine, rudi upande wako na uende gereji bila kulilazimisha. Mpira ulioachia au uliopasuka ni kitu cha bei ndogo.

Tatu, usimruhusu mtu azime taa ya onyo kwenye dashibodi kwa kukata waya. Taa hiyo ni sauti ya gari.

Nne, zingatia oili. Mhimili wa turbo huishi kwa oili safi. Baada ya kupanda mlima mrefu, iache injini iunguruma dakika moja au mbili kabla ya kuizima.

Tano, nunua petroli kwenye kituo halali na udai risiti. Mkiona mahali panapouzwa mafuta ya magendo, toeni taarifa kwa afisa wa polisi jamii wa eneo lenu. Jina la mtoa taarifa hutunzwa kwa siri.

Kwa vijana wapendao magari yenye nguvu, askari hawana uadui nanyi. Kupenda ufundi ni kipaji, na nchi zetu zinahitaji mafundi. Lakini fundi wa kweli hujifunza kwanza kwa nini kitu kiliwekwa kabla ya kukiondoa. Springi ile, kiwambo kile na tundu lile la milimita moja viliwekwa na watu waliokwisha kuona injini nyingi zikivunjika.

Kijana yule alirudisha mpira mahali pake siku ileile, na gharama yake haikufikia hata bei ya chakula cha mchana. Sasa huhudhuria mikutano yetu kwenye kituo cha teksi na huwasimulia wenzake mwenyewe. Mama yake alipokutana nami sokoni hakusema mengi. Alinishika mkono, akasema, “Afande, waambieni na wengine.”

Nasi tunawaambia. Kinga ni bora kuliko tiba, na usalama barabarani ni jukumu letu sote.